Kumfuata Zuhura Kibuli kwa Gari Lisilosimama

Tangu nirudi, kila nikitoka msikitini kuna mtu ananishika mkono na kuniuliza, "Mwalimu, ulisema unakwenda kumchukua dada yako na kurudi. Ulipotelea wapi?" Nimejibu vipande vipande, huyu nikampa habari za Busia, yule nikampa za Kibuli, na sasa nasikia vipande hivyo vimeunganishwa vibaya huko sokoni, hata yuko anayesema nilimgonga askari Kampala. Sikumgonga. Nilimgusa magoti tu, na alikuwa mtu mwema. Basi nayaandika yote kwa mpangilio wake ili msomeane, na shukrani ni za Mwenyezi Mungu, mwanzo na mwisho.

Mnamjua mama yangu. Macho yake yalizimika miaka mingi iliyopita, lakini masikio yamebaki makali. Nyumba yetu, kama mjuavyo, iko kwenye mteremko wa kwenda mto Nzoia, na Peugeot yangu ile nyeupe ya zamani, yenye mgongo mrefu, ilikuwa na ugonjwa wa pedali ya breki. Nikikanyaga, pedali ilizama kama mguu katika tope. Ilinibidi nikanyage mara nyingi haraka haraka ndipo gari lishike. Kwa hiyo kila nikifika nyumbani lilipita mlango, likaenda kusimama kwenye migomba, kisha nikarudi kinyumenyume. Mama akisikia gari limepita mlango alisema, "Huyo ni Mwalimu," na mke wangu akaweka chai jikoni.

Dada yangu Zuhura aliolewa Kampala na Juma, askari polisi wa Kinubi, Mungu amrehemu. Wakati wa vita vile vilivyokwisha mwaka themanini na sita, Zuhura aliumia mguu wa kulia, na tangu hapo goti halikunjiki. Mama alikuwa hajamgusa tangu kabla ya vita. Juma alipofariki kwa maradhi, Zuhura akakaa eda, na mama akaanza kudhoofika. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, nataka nimshike Zuhura kwa mikono yangu kabla sijaondoka." Hakuomba kitu kingine.

Basi la abiria lisingemfaa mtu asiyeweza kukunja mguu. Kiti cha nyuma cha Peugeot ni kirefu, mtu anaweza kukaa na mguu umenyooka. Kwa hiyo nikangoja eda ikaribie kwisha, nikasoma dua ya safari, nikaondoka.

Mumias hadi Busia

Kipande hiki ni kifupi na mnakijua. Nilikwenda polepole, nikiacha nafasi kubwa mbele yangu, na kila lori lililonipita lilijaza nafasi hiyo, nami nikaacha nyingine. Nilipokaribia mpaka nikaona alama za mafuta kwenye magurudumu ya mbele, yote mawili.

Karibu na maegesho ya malori palikuwa na fundi mmoja mchangamfu, mwenye maneno mengi na mikono myepesi. Akavua gurudumu, akanionyesha kalipa, yaani ile taya ya chuma inayobana diski mtu akikanyaga breki.

"Mwalimu, hii imekufa. Ya upande ule nayo imekufa. Lakini una bahati, marehemu yuko nyuma ya kibanda."

Marehemu alikuwa Peugeot nyingine, imeota majani hadi madirishani. Fundi akazitoa kalipa zake mbili, akazifuta kwa petroli, akazifunga kwenye gari langu huku akiwajibu kwa sauti madereva wawili wa malori waliokuwa wakimpigia honi wahudumiwe wao kwanza. Kisha akaniambia nikanyage. Pedali ikazama kama zamani, labda na zaidi kidogo.

"Bado ni laini," nikasema.

"Ni hewa kidogo imeingia, Mwalimu. Itatoka yenyewe njiani. Wewe nenda, utafika Kampala breki imekaza mpaka ushangae."

Nilimwamini. Mtu akikuambia jambo kwa furaha kiasi kile, ni vigumu kumkatalia.

Busia hadi Kibuli

Hewa haikutoka njiani. Kila nilipoona mteremko, nilianza kukanyaga kabla ya kuufikia. Nilikuwa nasoma tasbihi kwa mkono mmoja, nikaona si ibada tena, ni woga umevaa kanzu, nikaiweka tasbihi mfukoni na kushika usukani kwa mikono miwili.

Kwenye bwawa la Jinja palikuwa na kizuizi cha wanajeshi, kama ilivyokuwa desturi miaka ile. Niliwaona kwa mbali nikaanza kukanyaga mapema, nikakanyaga, nikakanyaga, gari likaenda kama kinyonga. Mwanajeshi mmoja, mrefu, akaja kunilaki na bunduki yake mkononi.

"Wee mzee! Mbona unakuja polepole kama mwizi? Umebeba nini?"

"Sikubeba kitu, baba. Breki zangu ni mbovu."

Akachungulia ndani, akaona msala, birika la udhu na godoro dogo la kulazia mguu wa Zuhura. Akaniangalia ndevu. "Haji, breki yako mbovu na unavuka Nile?"

Nikamwambia kwamba mimi si Haji, sijajaliwa kwenda Makka. Akacheka, akawaita wenzake waje kumwona mzee asiye na breki na asiyetaka kuwa Haji. Wakaninyanyulia mti, wakasimama pembeni mbali kidogo kuliko walivyosimama kwa magari mengine.

Msitu wa Mabira niliupita nyuma ya lori la miwa, nikiwaza kwamba likisimama ghafla basi nitakuwa nimelala kwenye miwa. Kwenye soko la njiani la Namawojjolo nikasimama nile. Wauza kuku wa kuchoma wakanizunguka, kila mmoja na vijiti vyake na ndizi gonja za moto. Nikamuuliza mama mmoja kuku amechinjwa na nani. Akaudhika kweli, akaniita bwana kwa Kiganda.

"Ssebo! Hapa kuku yote anachinja Muislamu. Hata mimi niko Mkatoliki, Krismasi naenda kuita Muislamu!" Akampigia ukelele mchinjaji mwenyewe, mzee wa kofia, aliyekuwa upande wa pili wa barabara, naye akavuka na kisu chake ili nimwone. Tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, akakaa na mimi mpaka nikamaliza kula. Sijapata kula kuku mwenye shahidi namna ile.

Nilifika Kibuli, mtaa wa Kampala alikokaa Zuhura, jua likielekea kuzama. Gari nililisimamisha kwa kuliegemeza kwenye kichuguu nje ya ua. Mama mkwe wa Zuhura, bibi wa Kinubi aliyezaliwa Bombo, alinipokea kwa maji, kisra, ile mikate yao myembamba, na mchuzi wa bamia kavu. Zuhura alikuwa chumbani, amevaa nguo za eda, mguu umenyooka juu ya mkeka karibu na dirisha. Tulilia kidogo, tukanyamaza.

"Mama anakula?" akaniuliza.

"Anakula anaposikia habari zako."

"Basi tuondoke eda ikiisha, kaka. Siku hiyo hiyo."

Nikamwambia inshallah. Zilikuwa zimebaki siku chache, nikaona zinatosha kutengeneza pedali moja.

Wandegeya hadi Kyebando

Asubuhi yule bibi akaniambia kwamba Juma alikuwa na rafiki, fundi aliyejifunza kazi kwenye magari ya jeshi, jina lake Okello, anakaa Kyebando. Kwa hiyo nikalazimika kuvuka mji wote wa Kampala kwa gari lile lile lililohitaji fundi.

Mtu asiyejua Kampala hawezi kufahamu. Mji ule hauna mahali tambarare pa kupumzisha breki. Ukimaliza kushuka unapanda, na ukimaliza kupanda unaona mteremko mwingine umekungoja na watu wake. Nilifika Wandegeya saa wanafunzi wanapomiminika barabarani na vitabu, na wauza chapati wameweka majiko hadi ukingoni mwa lami. Askari wa usalama barabarani akainua mkono kunisimamisha. Nikakanyaga. Pedali ikaenda hadi sakafuni. Nikakanyaga tena na tena, nikavuta breki ya mkono, nikaita jina la Mungu kwa sauti, na gari likasimama, bampa yake imegusa magoti ya yule askari. Hakuruka pembeni. Alibaki ameinua mkono, akitazama bampa, kisha akanitazama mimi.

"Mzee," akasema taratibu, "wewe unasalimia polisi na gari?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Nikatoka nikamwomba radhi, nikamweleza kila kitu, kuanzia Busia. Alikuwa mtu wa kaskazini, mweusi wa kung'aa, Kiswahili chake cha kambini. Alisikiliza hadi mwisho huku magari yakipiga honi nyuma yangu.

"Unaenda Kyebando kwa Okello? Okello mkorofi?"

"Sijui kama ni mkorofi."

"Ni yeye. Ngoja." Akampigia mwenzake filimbi ashike njia panda, kwani zamu yake mwenyewe ilikuwa imekwisha, akafungua mlango, akakaa kando yangu. "Wewe endesha. Mimi nashika breki ya mkono. Nikisema simama, wewe kanyaga, mimi navuta. Tunaelewana?"

Ndivyo tulivyokwenda, tukapita Mulago hadi Kyebando, yeye akipiga kelele "Sasa!" na kuvuta, mimi nikikanyaga. Alinifundisha njia zote, akanieleza habari za watoto wake, na tulipofika akashuka, akagusa magoti yake kama anayehakikisha bado yapo, akaniombea heri. Jina lake sikulipata. Namwombea hivyo hivyo bila jina.

Okello alikuwa chini ya lori. Miguu tu ndiyo ilionekana. Nilipotaja jina la Juma miguu ile ikaacha kutikisika, akatoka, mtu mnene wa makamo, amejipaka oili hadi kwenye nyusi.

"Shemeji ya Juma? Basi gari yako siwezi kutengeneza hapa."

Nikaanza kumsihi.

"Naenda kutengeneza kwa Juma, kwa ua yake. Mke yake anaweza kuona kwamba sijasahau." Akachukua spana zake, akaendesha mwenyewe kurudi Kibuli, akinung'unika kila mteremko. "Haji, hii si gari. Hii ni jiwe inateremka mlima."

Nikamwambia kwamba mimi si Haji.

"Kofia nyeupe, ndevu nyeupe, na uko hai bado na gari hii? Wewe ni Haji mara mbili."

Uani Kibuli

Sasa nifafanue kazi yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyotupotezea siku zetu. Breki husukumwa na mafuta yanayopita katika mabomba membamba. Hewa ikiingia humo, pedali huwa laini, kwa kuwa mguu unabana hewa badala ya kusukuma mafuta. Kuitoa kunahitaji watu wawili. Mmoja anakaa garini, anakanyaga mara kadhaa, kisha anashikilia pedali chini bila kuachia. Mwingine analala kwenye gurudumu, anafungua skrubu ndogo, mafuta na mapovu yanatoka kwa mpira kuingia kwenye chupa, anafunga, ndipo anasema achia. Ukiachia kabla hajafunga, gari linavuta hewa upya, na kazi yote imeharibika.

Mimi nilikuwa wa pedalini. "Shika!" Okello anasema. "Nimeshika," najibu. "Achia!" "Nimeachia." Gari lilikuwa juu ya mawe na jeki katikati ya ua, mbele ya dirisha la Zuhura. Tulianza magurudumu ya nyuma, tukaja ya mbele. Tulikuwa katika gurudumu la mwisho, mapovu yanapungua, nami nimeanza kumwona mama akimshika Zuhura mkono, pale adhana ya adhuhuri ilipopanda kutoka msikiti ule mkubwa wa juu ya kilima.

Ninyi mnanijua. Tangu utotoni nikisikia adhana nanyamaza kumwitikia mwadhini. Okello akauliza, "Umeshika?" Sikumjibu. Naye, kwa heshima ya dini yangu, hakupaza sauti tena. Alifungua tu, akingoja kimya. Na mwadhini alipoita njooni kwenye sala, mguu wangu ambao umeitikia wito huo miaka sitini ukainuka wenyewe.

Chupa ikanguruma. Mafuta yote yakafyonzwa kurudi ndani na hewa nyuma yake.

Okello akatoka chini ya gari. Akanitazama, akatazama mguu. "Haji," akasema, "mguu yako imeenda kuswali, imekuacha wewe kwa gari."

Nilicheka, nikaona haya, nikaenda kuswali pamoja na mguu wangu. Tukaanza upya baada ya sala. Pedali ikabaki laini. Siku ya pili akaweka sheria kwamba adhana ikikaribia kila kitu kifungwe, spana chini, mguu chini. Tukafanya hivyo, pedali ikabaki laini. Akasema ni masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki, akaifungua, akaenda soko la vipuri akaleta mipira mipya, akaifunga kwa upole kama anayemvisha mtoto. Pedali ikazama vile vile.

"Mimi nimetengeneza breki ya lori imebeba kifaru," alisema, akikaa chini kwenye vumbi. "Hii kitu inanichezea."

Nilipokuwa mwalimu nilifundisha milango mingi ya subira, na naikumbuka yote. Lakini pale uani nilizunguka gari lile kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Nilikaa nikasimama. Nilikwenda hadi barabarani nikarudi bila haja. Yule bibi wa Kinubi aliniwekea kiti, kisha akaniwekea kingine mahali pengine, akidhani labda kile cha kwanza hakinifai. Usiku nililala nikikanyaga.

Jioni ya siku ya mwisho ya eda akaja Barasa. Ni kijana wa Bungoma, Mkristo, anauza sufuria Kampala na huenda nyumbani kila mwezi kupitia kwetu. Hakukaa.

"Mwalimu, nimetoka Mumias leo. Mama hata uji hanywi."

"Tangu lini?"

"Sikuuliza. Gari likipita barabarani anauliza, 'Limepita mlango?' Wakimwambia bado, anageukia ukutani." Akapunguza sauti kwa sababu ya dirisha. "Liache gari, Mwalimu. Mchukue dada kwa basi, tutambeba tukiweza."

Zuhura alikuwa amesikia. Sauti ikatoka ndani, "Kaka, nitakwenda hata kama ni kuvunja mguu mara ya pili."

Nilimfikiria daktari wa mifupa aliyewahi kumkataza Zuhura kuulazimisha mguu ule, na nikamwona mama amegeukia ukuta, na sikujua nani wa kumtii. Tukamweka Barasa pedalini, kwa kuwa Okello alikuwa bado anaushuku mguu wangu. Mkristo, hana adhana mguuni. Alikanyaga vizuri mno. Pedali ikabaki laini kama posho ya mgonjwa. Hayo ni maneno ya Okello, kwao posho ni ugali, na aliyasema akiwa amefunika uso.

Eda inakwisha

Jua lilizama, eda ikaisha. Wanawake wa jirani walikuja kumwogesha na kumvisha nguo za rangi, ikasomwa dua. Asubuhi yake, Ijumaa, Zuhura akatoka nje kwa fimbo yake, mara ya kwanza tangu mazishi. Mama mkwe akamwekea kiti karibu na gari. Okello alikuwa amerudi kutoka Kyebando kabla ya chai. Alisimama, akafuta mikono, akampa pole ya rafiki yake, na wote wawili wakatazama chini.

Kisha Zuhura akalitazama gari, akanitazama mimi. Kwa muda wote ule alikuwa hasemi na mwanamume asiye maharimu wake. Sheria yenyewe haimkatazi mjane neno la lazima, lakini mila ya nyumba ile ilikuwa kali, naye aliifuata kwa ajili ya Juma.

"Nina swali," akasema. "Labda ni la kijinga."

"Uliza, mama," Okello akajibu.

"Magurudumu ya nyuma, mpira wako wa kutoa hewa unauchomeka juu. Ya mbele unauchomeka chini, mpaka unalaza shavu kwenye udongo. Kwa nini?"

Okello akajipapasa shavu lenye udongo. Akaenda kwenye gurudumu la mbele kulia, akalala, akatazama. Akanyanyuka, akaenda la kushoto, akalala, akatazama. Akaigusa skrubu kwa kidole.

"Okello?" nikaita.

"Haji, yule fundi ya Busia amekuvalisha viatu mguu si wake."

Kalipa ya kulia ilikuwa imefungwa kushoto, na ya kushoto kulia. Zinaingia vizuri tu, zinabana vizuri tu, lakini zimegeuka juu chini, na ile skrubu ya kutolea hewa inakuwa chini kabisa. Nanyi mnajua hewa ilivyo. Tikisa chupa ya maji uone mapovu yanakwenda wapi. Tulikuwa tumekesha tukifungua mlango wa chini huku hewa imekaa darini inatusikiliza.

"Uliona lini?" nikamuuliza Zuhura.

"Siku ya kwanza. Nilikuwa nimelala mkekani, macho yangu yako sawa na magurudumu. Nilikuwa na kazi gani nyingine?"

"Na hukusema!"

"Ningemwambia nani? Huyu si maharimu wangu. Wewe kila ukiingia ndani unasoma dua au unauliza saa ngapi. Nami nilidhani ndivyo Wafaransa walivyotengeneza."

Okello alianza kucheka polepole, kisha akacheka hadi akashika ukuta, na yule bibi wa Kinubi akatoka jikoni na mwiko kuuliza nani amechekesha watu kwenye nyumba ya matanga. Akaelezwa. Akamtazama mkwe wake, akasema, "Juma naye alikuwa akisema mke wake anaona kila kitu na hasemi," kisha akageuka haraka kurudi jikoni.

Kazi ile haikuchukua muda. Kalipa zilibadilishwa pande, skrubu zikaja juu, nikapewa pedali tena kwa masharti makali. Mapovu yakatoka makubwa, yakatoka madogo, yakakoma. Nikakanyaga. Pedali ikashuka kidogo ikasimama, ngumu chini ya mguu wangu kama ngazi ya msikiti. Nilibaki nimeikanyaga. Okello akasema achia, nikashindwa kuachia.

Nilimtaka apokee ujira. Alichopokea ni sahani ya kisra, akasema kingine nimuulize Juma. Niliswali Ijumaa juu ya kilima kile, na sijui kama nimewahi kumshukuru Mungu kwa kitu kigumu.

Kibuli hadi mlangoni

Tuliondoka baada ya sala, Zuhura amejinyoosha nyuma, mto chini ya goti, Barasa mbele na sufuria zake miguuni. Sikusimama kula kuku. Nilipunga mkono Namawojjolo, na sijui kama yule mama aliniona. Kwenye bwawa nilisimama mbele ya kizuizi pale pale mti ulipo, na yule mwanajeshi mrefu, ambaye alikuwa ameanza kurudi nyuma aliponitambua, akapiga saluti. "Haji, umepata breki!" Safari hii sikumsahihisha.

Kuhusu sehemu iliyobaki sina la kuwasimulia. Kila kijiji Zuhura aliuliza, "Bado?" nami nikasema bado. Tulilala mpakani kwa jamaa, tukaondoka alfajiri. Barasa alishuka njia panda na sufuria zake, akasema ataomba kwa namna yake, nikamwambia aombe.

Nikateremka kuelekea nyumbani kwa mguu uliozoea, nikaanza kukanyaga mapema kwa mazoea, gari likasimama kabla ya ua, nikalisogeza tena, nikalisimamisha mbele ya mlango. Mbele ya mlango kabisa. Nikazima injini. Mke wangu hakutoka. Chai haikuwekwa. Kulikuwa kimya, na katika kimya kile nilijiambia tumechelewa.

Ndipo sauti ikatoka ndani, nyembamba kama uzi.

"Nani huyo? Karibuni, lakini mwenyewe hayupo. Amekwenda Kampala."

Zuhura hakungoja nimshike. Alijivuta nje ya gari, akaingia kwa fimbo yake, nikasikia fimbo ikianguka. Nilipoingia alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda, mguu umenyooka mbele yake, na mkono wa mama ulikuwa ukimpapasa uso, ukashuka begani, ukashuka hadi kwenye goti lile asilopata kulijua, ukabaki hapo.

"Haliumi?" mama akauliza.

"Haliumi, mama."

"Umekuja na nani? Kaka yako alikufuata. Sikusikia gari lake."

"Niko hapa, mama," nikasema. "Tumekuja na gari lile lile."

"Uongo," akasema mama. "Lile halijui kusimama."

Kisha akaomba uji, akaunywa wote, mkono mmoja umeshika kikombe, na mwingine haukutoka kwenye goti la Zuhura.